Robert Bunsen: Aliyezisoma Rangi za Moto kwa Jicho Moja

Askari aliyekesha lindoni aijua fataki ya ishara: nyekundu ina amri yake, na ya kijani ina yake. Mtu aliyewafundisha wanasayansi kuzisoma rangi za moto kama maandishi alikuwa Mjerumani, Robert Bunsen, aliyezaliwa Göttingen mwezi wa Machi 1811.

Tangu ujana hakuogopa vitu vya hatari. Mwaka 1834 yeye na mwenzake waligundua dawa ya kuzuia sumu ya aseniki. Baadaye, akiichunguza aseniki hiyo hiyo, chombo kililipuka usoni pake na kigae cha kioo kikalipofusha jicho lake la kulia. Hakuiacha kazi.

Mwaka 1855, akiwa Heidelberg, yeye na fundi Peter Desaga walitengeneza taa ya gesi iitwayo kwa jina lake hata leo. Moto wa koroboi huwa wa manjano na wenye masizi kwa kuwa hewa haiutoshi. Bunsen aliichanganya gesi na hewa kabla haijawaka, akapata moto mkali usio na masizi na wenye rangi hafifu mno. Wala hakudai haki ya uvumbuzi. Kila aliyetaka aliiga.

Ndani ya moto huo kila kitu kilijitangaza: chumvi ya chakula manjano, potasiamu zambarau, shaba na bariamu kijani, strontiamu nyekundu. Lakini punje ya chumvi ilitosha kuzifunika rangi zote, mfano wa mpiga kelele barazani. Ndipo rafiki yake, Gustav Kirchhoff, alipomshauri apitishe nuru hiyo katika kioo cha pembe tatu. Rangi zikatengana zikawa mistari, na kila elementi ikawa na mistari yake peke yake, mithili ya alama za vidole ambazo polisi huzitegemea. Hivyo wakavumbua sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Ili apate gramu chache tu za chumvi ya sesiamu, Bunsen alikausha zaidi ya tani 40 za maji ya chemchemi!

Husimuliwa kwamba usiku mmoja moto ulizuka katika mji wa jirani, Mannheim. Wawili hao walielekeza chombo chao dirishani, wakatambua bariamu na strontiamu katika miali ile ya mbali. Wakajiuliza: ikiwa twaweza kujua kinachoungua Mannheim, kwa nini tusijue kilichomo ndani ya jua? Kirchhoff akalielekea jua, akakuta humo sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni.

Bunsen hakuoa. Alifariki Heidelberg tarehe 16 Agosti 1899, akiwa na umri wa miaka 88.