Florence Nightingale: Binti tajiri aliyechagua wadi

Florence Nightingale alizaliwa 1820 nchini Italia, kwa familia ya Waingereza wenye mali. Alipotaka kuwa nesi, wazazi walikataa katakata. Enzi hizo kazi hiyo ilidharauliwa sana. Hakulegeza kamba. Mwaka wa 1851 alienda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Mwaka wa 1854 alifika Scutari, Uturuki, na wauguzi 38 kuhudumia wanajeshi wa vita vya Crimea. Huko maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Kitabu chake cha 1859 kilifunza mambo yanayoonekana madogo: hewa safi iingie bila mgonjwa kupigwa na baridi, mito ipangwe mgongoni ili kifua kipate nafasi ya kupumua, na nesi awe macho kila hali inapobadilika. Wakati huo antibiotiki hazikuwepo, kwa hivyo mgonjwa wa nimonia hakuwa na tegemeo lingine kubwa. Siku hizi dawa na oksijeni zipo, lakini nesi bado humwinua kitandani na kuhesabu pumzi zake.

Florence aliaga 1910, akiwa na miaka 90. Mei 12, siku aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani.