Hayati Zhou Enlai: Mjenzi wa daraja kati ya China na Afrika

Sisi tuliosomea ukimbizini nchini Tanzania tulikua tukisikia habari za Reli ya Uhuru. Wachache tulimfahamu Mchina aliyekuwa nyuma ya mradi huo, ambaye naye, kama sisi, sehemu ya elimu yake aliipata mbali na kwao.

Zhou Enlai alizaliwa Machi 5, 1898 mjini Huai'an, mashariki mwa China. Alisoma Tianjin, akaenda Japan mwaka 1917, kisha Ufaransa mwaka 1920, na huko akajiunga na Wakomunisti. Chama chao kilipotwaa nchi mwaka 1949 chini ya Mao Zedong, yeye akawa Waziri Mkuu, wadhifa alioushika hadi kufa kwake.

China ya wakati ule ilikuwa maskini, na kiti chake Umoja wa Mataifa kilikaliwa na Taiwan. Zhou alijua kwamba rafiki ni mtaji. Kati ya Desemba 1963 na Februari 1964 alizuru nchi 10 za Afrika, akatangaza kanuni nane za misaada, mojawapo ikiwa kwamba wataalamu wa China waishi kama wataalamu wenyeji. Lakini huko Mogadishu aliteleza. Alitamka kuwa Afrika imeiva kwa mapinduzi, na viongozi waliokalia viti juzi tu hawakufurahi.

Juni 1965 alifika Dar es Salaam. Tanzania na Zambia zilitaka reli, wakubwa wa Magharibi wakasema hailipi. China ikakubali, na mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967. Reli ya kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa mkopo usio na riba wa kulipwa kwa miaka 30.

Wenzangu wa biashara za mpakani, hapa tegeni sikio. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia. Kwa hiyo reli ilikuja pamoja na soko. Na Oktoba 1971 kura 76 ziliirudishia China kiti chake, takriban theluthi zikiwa za Waafrika.

Zhou alikufa kwa saratani Januari 8, 1976, miezi sita kabla ya reli kukabidhiwa rasmi.

Je, alitusaidia au alijisaidia? Yote mawili, na hakuna aibu. Alijua anachokitaka kabla hajapanda ndege. Nasi tuliorejea kujenga nchi zetu tujiulize kama tunajua tunachokitaka kabla ya kushika kalamu ya kutia saini. Mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini mwenyeji asiyejua ugonjwa wake atapewa dawa yoyote, na deni atalipa.