Nyaatha wa Gikondi: Maisha ya Sista Irene Stefani

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa jamaa au jirani anayemsaliti mwenziwe. Katika mapokeo ya utawa wa Kikristo, hata hivyo, kinachokula ki ndani zaidi ya nguo: ni nafsi yenyewe, pamoja na tamaa za mwili, uchu wa mali na kiu ya kutukuzwa. Maisha ya Sista Irene Stefani, aliyefia Gikondi, Nyeri, mwaka 1930, yanaonyesha jinsi adui huyo anavyoweza kushindwa kwa mazoea madogo yanayorudiwa hadi yakawa tabia.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, mkoani Brescia, kaskazini mwa Italia, akapewa jina la Mercede. Alikuwa mtoto wa tano katika familia ya watoto kumi na wawili. Mamaye alipofariki mwaka 1907, binti huyu aliyekuwa bado kijana aliubeba mzigo wa kuwalea wadogo zake. Hivyo alianza kujifunza kuyaweka mahitaji ya wengine mbele ya matakwa yake kabla hajavaa vazi la utawa.

Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mjini Torino, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka uliotangulia na Padre Giuseppe Allamano. Padre huyo, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, aliwafunza wanafunzi wake kwamba utakatifu hautafutwi katika maajabu. Hutafutwa katika kazi za kawaida zinazotendwa vyema, bila kishindo. Mwezi Januari 1914 Irene aliweka nadhiri za useja, ufukara na utii. Kila nadhiri ililenga tamaa yake: useja uliikabili tamaa ya mwili, ufukara tamaa ya mali, na utii tamaa ya kutawala. Nadhiri hutamkwa mara moja; kuitimiza ni kazi ya kila alfajiri. Irene alilifahamu hilo. Katika maandishi yake ya kiroho alijiwekea maazimio, akawa anajipima kwayo na kuyaanza upya.

Aliwasili Mombasa mwezi Januari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimekwisha kuingia Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza iliwakusanya Waafrika kwa maelfu, wengi wao kwa shuruti, wawe wapagazi wa jeshi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliangamia, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Irene alipelekwa kuwauguza katika hospitali za kijeshi, kwanza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Hospitali hizo hazikuwa na anasa ya kumshawishi mtu. Kishawishi kilichokuwapo ni kile cha kukinai: kuuona mwili wa mwanadamu kuwa mzigo, kuupita na kuusahau. Wagonjwa walilala wakibanana, majeraha yakitoa uvundo, na waliokata roho walihesabiwa kama shehena iliyoharibika. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa Irene alimkosa mgonjwa mmoja kitandani mwake, akaambiwa amekwisha kufa na kupelekwa ufuoni pamoja na maiti wengine. Alikwenda kumtafuta miongoni mwao, akamkuta angali anapumua. Hapa ndipo maana pana ya usafi wa moyo inapodhihirika. Tamaa huufanya mwili wa mwingine kuwa chombo cha kumfurahisha anayeutazama. Vita viliufanya kuwa chombo cha kubebea mizigo. Irene alijizoeza kumwona mtu katika kila mwili, hata ule uliokwisha kutupwa.

Baada ya vita alirejea katika nchi ya Mlima Kenya, na mwaka 1920 akapangiwa misheni ya Gikondi, katika eneo la Mukurweini. Alikaa huko miaka kumi. Alifundisha shuleni, akawazuru wagonjwa, akawasaidia wanawake waliojifungua, akapanda na kushuka vilima kwa viatu vizito vilivyochakaa, rozari mkononi. Wazazi wasiojua kusoma waliokuwa na wana walioajiriwa Nairobi au Mombasa walimwendea awaandikie barua. Alijifunza Kigikuyu, naye akalipwa kwa lugha hiyohiyo: watu walimwita Nyaatha, jina lililojengwa juu ya neno tha, yaani huruma. Jina la namna hiyo halitolewi kwa sababu ya tendo moja. Hutolewa baada ya jamii kumtazama mtu kwa muda mrefu na kuridhika kwamba hivyo ndivyo alivyo.

Useja wake haukuwa jambo jepesi kueleweka. Katika jamii ya Wagikuyu ndoa na uzazi vilikuwa nguzo za utu uzima, na mwanamke asiyeolewa alikuwa kitendawili. Hata hivyo mwaka 1918 shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Imakulata, lilikuwa limeanzishwa Nyeri, na wasichana wa Kigikuyu wakaanza kuichagua njia hiyo. Kwa jamaa zao uamuzi huo ulimaanisha kupoteza mahari na wajukuu. Si ajabu ulizua mivutano.

Mwaka 1929 mvutano mkubwa zaidi ulizuka. Misheni za Kiprotestanti, ikiwemo Tumutumu huko Nyeri, ziliwataka waumini wao waape kuiacha tohara ya wasichana. Maelfu walikataa, wakayahama makanisa, na shule huru za Wagikuyu zikachipuka kutokana na mfarakano huo. Lolote lisemwalo kuhusu mila yenyewe, tukio hilo lilidhihirisha kuwa mazoea ya watu hayabadiliki kwa alama ya kidole gumba juu ya karatasi. Irene naye alikuwa mgeni aliyekuja chini ya kivuli cha dola ya kikoloni, na hawezi kutengwa kabisa na historia hiyo. Ila njia aliyoitumia ilikuwa nyingine: alianza kwa kuyabadili mazoea yake mwenyewe, mbele ya macho ya wale aliowafundisha.

Mwezi Oktoba 1930 tauni iliingia Gikondi. Mmoja wa waliougua alikuwa mwalimu ambaye, kwa mujibu wa masimulizi ya misheni, alikuwa amempinga Irene na kutamani aondoke. Irene alimwendea, akamuuguza hadi mwisho, akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Kinyongo nacho ni tamaa, pengine iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hujivika joho la haki. Mtu hawezi kukishinda ghafla mlangoni mwa hasimu wake mgonjwa. Irene aliweza kuuvuka mlango ule kwa sababu miguu yake ilikwisha kuzoea kuivuka milango ya wagonjwa kwa miaka kumi na mitano.

Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Umati uliofurika siku hiyo ulikusanyika kumkumbuka mwanamke ambaye hakuacha utajiri wala cheo. Aliacha jina alilopewa na majirani zake, na ndani ya jina hilo neno moja fupi, tha. Haba na haba hujaza kibaba: kibaba cha Nyaatha kilijazwa kwa hatua za vilimani, kwa barua za wasiojua kuandika na kwa maazimio yaliyovunjika jioni yakaanzwa upya asubuhi.