Sultani Aliyevua Nguo Zake Kilwa

Jioni moja nikiwa Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, nilikaa baada ya Laasiri na mwalimu wa chuo, au duksi kama waitavyo wenyeji wa huko. Wanafunzi walikuwa wakiosha mbao zao. Mazungumzo yakafika kwa watawala wakarimu, nami nikamsimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, maarufu kwa jina la Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa.

Huyu bwana alitawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa watu wa Kilwa. Tarekhe ya mji huo yasimulia kwamba ujanani alikwenda Aden akasoma elimu ya dini kwa miaka miwili, kisha akahiji. Aliporudi akashika kiti. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa zama zake kwa mawe ya matumbawe, ukawekewa kuba na matao. Nje ya mji, juu ya jabali la bahari, akajenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia lenye birika la pembe nane. Sarafu yenye jina lake imepatikana mbali kabisa bara, katika magofu ya Great Zimbabwe.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akitoka Mogadishu kwa njia ya Mombasa. Alimkuta Sultani akila na mafakiri na kuwatukuza masharifu, ambao walimjia hata kutoka Iraki na Hijazi. Fungu lao lilihifadhiwa katika hazina ya peke yake.

Ijumaa moja Sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Alirudi katika chumba cha khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu mno. Mwanawe akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na Sultani aliposikia sifa za watu akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilidhani mwalimu atafurahi. Badala yake aliniuliza watumwa wale ishirini walitoka wapi. Ikanibidi nimweleze ukweli: Sultani huyu alikuwa akiwashambulia watu wa bara, na katika ngawira akitoa khumsi, ile sehemu ya tano, kuigawa kama ilivyoamriwa. Fungu la masharifu lilitoka humo humo. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye angependa kusikia kisa hicho kutoka kwa mmoja wa wale ishirini.

Tangu siku ile siwezi kukisimulia kwa wepesi ule wa zamani. Sisi wa pwani tumezoea kuishia kwenye nguo. Hata hivyo simnyimi Sultani haki yake, kwani mfalme anayekaa chini kula na maskini si jambo la kila siku.

Alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, ambaye alikuwa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji, alimjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu. Wageni walikaa kwake miezi mingi wakipata kidogo sana, mpaka wakaacha kubisha mlangoni pake.