Sputnik Monroe, mwanamieleka aliyefungua viti vya Memphis

Mchezo wa mieleka, ambao kwetu Kongo wengi wanauita kachi, una mtu mwema na mtu mbaya. Mtu mwema anashangiliwa. Mtu mbaya anazomewa, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzomewa. Leo tunasimulia maisha ya mtu mbaya mmoja wa Marekani, ambaye katika mji wenye ubaguzi mkali wa rangi alifanya jambo ambalo watu wengi wema wa mji huo hawakuthubutu kulifanya.

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1928 katika mji wa Dodge City, jimbo la Kansas, akapewa jina la Roscoe Monroe Merrick. Baba yake alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege kabla mtoto hajazaliwa. Baadaye baba wa kambo alimpokea kuwa mwanawe, naye akachukua jina la ukoo la Brumbaugh. Alitumikia katika jeshi la majini, kisha akaanza mieleka katika maonyesho yaliyozunguka kutoka mji hadi mji. Huko mpiganaji wa kulipwa alipambana na mtu yeyote kati ya watazamaji aliyetaka kujaribu nguvu zake. Ndiyo iliyokuwa shule yake.

Miaka ile mieleka ya Marekani iligawanywa kwa maeneo. Kila eneo lilikuwa na waandaaji wake, nao wapiganaji walisafiri kwa gari, leo mji huu, kesho mji ule, na baada ya miezi kadhaa wakahamia eneo lingine. Mwisho wa pambano ulipangwa mapema. Lakini watu hawakununua tikiti kwa sababu ya mwisho tu. Walinunua kwa sababu walimpenda mmoja na kumchukia mwingine. Mtu mbaya aliyejua kazi yake aliwakasirisha watu leo ili warudi juma lijalo wakitumaini kumwona akipigwa. Monroe aliijua kazi hiyo vizuri. Alijisifu, alivunja sheria za mchezo, na katika nywele zake nyeusi alikuwa na mstari mweupe mbele, hata mtu akimwona mbali alimtambua.

Jina la Sputnik alilipata mwaka 1957, na alilipata kama tusi. Alikuwa akiendesha gari kwenda Mobile, katika jimbo la Alabama, na usingizi ukamzidi. Akamchukua kijana mweusi aliyekuwa akitafuta usafiri njiani, ili amsaidie kuendesha. Walipofika kwenye studio ya televisheni ambako mapambano yalionyeshwa, watu weupe waliokuwa pale walikasirika kuwaona pamoja. Monroe akamwekea kijana mkono begani na kumbusu shavuni mbele yao. Mama mmoja mzee alimtukana, na alipokatazwa maneno machafu akatafuta neno lingine baya: akamwita Sputnik. Hilo lilikuwa jina la chombo ambacho Warusi walikirusha angani mwezi wa Oktoba mwaka ule, na Wamarekani wengi waliliogopa na kulichukia. Monroe akalipenda, akalibeba maisha yake yote.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Katika majimbo ya kusini, mweusi na mweupe hawakukaa pamoja shuleni, hotelini wala katika basi. Majira yale yale ya mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, wanafunzi 9 weusi walihitaji kulindwa na askari ili waingie katika shule ya weupe. Kuweka mkono begani mwa mtu kulikuwa jambo la hatari.

Kutoka hapo Monroe akafika Memphis, mji mkubwa kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Tennessee. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake walikuwa weusi. Barabara yao kubwa iliitwa Beale, yenye maduka, muziki na baa, na mweupe hakutazamiwa kwenda kustarehe huko. Monroe alikwenda. Alivaa mavazi ya fahari, akanywa na watu wa Beale, akazungumza nao, akawaalika kuja kumwangalia Jumatatu usiku. Polisi walimkamata zaidi ya mara moja kwa makosa madogo madogo yasiyoeleweka, ambayo maana yake halisi ilikuwa moja: mweupe ameketi mahali pa weusi. Monroe alimwajiri wakili mweusi amtetee mahakamani, jambo lililowashangaza watu wa mji. Alilipa faini, akatoka, akarudi Beale.

Watu wa Beale wakaanza kuja kwenye mieleka kwa wingi. Mapambano yalifanyika katika ukumbi wa Ellis, na humo weusi walikuwa na nafasi yao: viti vichache vya juu kabisa kwenye roshani. Vikijaa, waliobaki walirudishwa nyumbani, hata kama viti vya chini vilikuwa vitupu. Monroe aliliona hilo. Kwanza alimpa pesa mtu aliyekuwa akihesabu watu mlangoni, ili ataje hesabu ndogo kuliko ile ya kweli na kuwaacha weusi wengi zaidi waingie. Kule juu pakajaa hata pasiwe na mahali pa kusimama. Ndipo alipowaendea waandaaji na kuwaambia kwamba kama watu wake hawataruhusiwa kukaa popote wanapotaka, yeye hatapigana.

Waandaaji walipiga hesabu. Monroe ndiye aliyeujaza ukumbi. Akiondoka, tikiti haziuzwi. Akibaki na viti vikafunguliwa, tikiti zitauzwa zaidi. Basi wakakubali. Weusi na weupe wakaketi pamoja katika ukumbi wa Ellis miaka kadhaa kabla ya sheria ya mwaka 1964 iliyokataza ubaguzi katika mahali pa watu wote. Hakuna aliyepiga risasi, na mapambano yaliendelea kama kawaida. Weupe waliokuja kumzomea Monroe waliendelea kumzomea. Weusi waliokuja kumshangilia waliendelea kumshangilia. Tofauti ilikuwa kwamba sasa walifanya hivyo wakiwa katika safu moja. Hata vijana weupe, ambao wazazi wao hawakutaka kulisikia jina lake, walianza kumpenda na kujitia mstari mweupe katika nywele.

Kilele cha kazi yake kilikuwa mwezi wa Agosti 1959. Siku hiyo alipambana na Billy Wicks, aliyekuwa mtu mwema wa Memphis, katika uwanja wa Russwood. Mwamuzi alikuwa Rocky Marciano, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Watu zaidi ya 13,000 walikuja, idadi ambayo mieleka ya Memphis ilikuwa haijaiona.

Nje ya ukumbi, milango mingine ilikuwa bado imefungwa. Mwaka 1960 wanafunzi weusi wa Memphis walikamatwa kwa sababu waliingia kusoma katika maktaba ya mji. Na hapa sisi watu wa kanisa tunaguswa. Mwaka 1964 wanafunzi weusi na weupe walikwenda pamoja, Jumapili baada ya Jumapili, kuabudu katika kanisa kubwa la Second Presbyterian la mji huo huo. Wazee walisimama mlangoni wakawazuia, nao wakabaki nje wakati wa ibada. Jambo hilo lilisikika nchi nzima, mpaka mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa kusini, uliopangwa kufanyika katika kanisa hilo mwaka 1965, ukahamishwa kwenda mahali pengine. Wale wazee walikuwa na Waraka wa Yakobo, unaokemea kugawa viti kwa kumtazama mtu usoni. Lakini mahali pa kachi palikuwa pamekwisha kufunguliwa kabla ya mlango wao.

Tusimfanye Monroe kuwa mtakatifu. Alikuwa mnywaji na mgomvi, na kila kiti kilichofunguliwa kilimwongezea pesa mfukoni. Wapo wanaosema kwamba alifanya yote kwa faida tu. Lakini wapiganaji wengine walizitaka pesa hizo hizo, na hawakwenda Beale. Hawakulala rumande. Hawakuhatarisha mshahara wao kwa ajili ya mtu aliyerudishwa mlangoni. Faida yake haifuti gharama aliyoilipa.

Wala hakugeuka miaka ilipopita. Katika miaka ya 1970, tayari akiwa mtu mzima, alirudi ulingoni na mwenzake kijana mweusi, Norvell Austin. Walipigana kama timu moja, na Austin pia alikuwa na mstari mweupe katika nywele zake. Ilikuwa miaka michache tu tangu Martin Luther King auawe katika mji ule ule wa Memphis, tarehe 4 Aprili 1968.

Sputnik Monroe alifariki tarehe 3 Novemba 2006 katika jimbo la Florida, akiwa na miaka 77. Mavazi yake ya ulingoni yamewekwa katika jumba la makumbusho la muziki wa Memphis, ingawa yeye hakuwa mwanamuziki, kwa sababu mji umekiri kwamba alisaidia kuwakutanisha watu waliotenganishwa.

Sisi wa mashariki tunajua viti vinavyogawanywa kwa kabila, kwa lugha, kwa mwenyeji na mkimbizi, hata katika mikutano yetu na katika ibada zetu. Mara nyingi tunasema kwamba hatuna uwezo wa kubadili mambo hayo. Monroe hakuwa mbunge wala mchungaji. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wakubwa walikihitaji: kazi yake. Akakataa kuwapa mpaka viti vifunguliwe.