Arrhenius: Aliyepingwa kwa hesabu ya joto la dunia

Wapo wanaodai kuwa suala la ongezeko la joto duniani limebuniwa juzi. Maisha ya Svante Arrhenius yanaonyesha vinginevyo.

Mkemia huyu alizaliwa Sweden mwaka 1859. Mwaka 1884 tasnifu yake ilipewa alama za chini, lakini nadharia iliyotokana nayo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1903.

Mwaka 1896 alikokotoa kuwa hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto lingepanda kwa nyuzi 5 hadi 6. Makadirio ya wanasayansi ya mwaka 2021 ni nyuzi 2.5 hadi 4.

Mwaka 1900 Knut Ångström alimpinga kwa jaribio la maabara, na wataalamu wengi wakaridhika nalo kwa miongo kadhaa. Kasoro yake ni kwamba halikuzingatia tabaka za juu za anga, zenye mvuke kidogo.

Arrhenius alifariki mwaka 1927, kabla ya vipimo vilivyoanza Hawaii mwaka 1958 kuthibitisha kuwa hewa hiyo inaongezeka.

Mkulima na mfanyabiashara hawanunui gunia kwa maneno, hulipima kwanza. Anayepinga habari za joto naye aombwe vipimo vyake.