Charles Babbage: Aliyeanza mengi, asimalize

Katika historia ya kompyuta jina la Charles Babbage hutajwa miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Mwingereza huyo, aliyefariki dunia mwaka 1871, alisanifu mashine za kukokotoa karibu miaka mia moja kabla ya kuundwa kompyuta za elektroniki. Hata hivyo, kati ya mashine zake kubwa, hakuna hata moja aliyoikamilisha.

Kwa nini mtu mwenye kipaji kama hicho, aliyepewa fedha za serikali na fundi hodari, aliiaga dunia akiacha michoro na vipande vya mitambo? Swali hilo linawagusa leo vijana wengi wanaobuni michezo ya kompyuta, ambao hufuta kazi ya miezi mingi na kuanza upya kwa kuwa wamepata wazo lililo bora zaidi.

Makosa katika majedwali

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791, mtoto wa mwenye benki. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kuanzia mwaka 1828 hadi 1839 alishika huko uprofesa uleule ambao zamani ulishikwa na Isaac Newton.

Katika zama zake, mabaharia, wanafalaki na wahandisi walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu. Hesabu hizo zilifanywa na watu kwa kalamu na karatasi, kisha zikanakiliwa na kupigwa chapa. Kila hatua ilizaa makosa, na kosa dogo katika jedwali la baharia liliweza kukipeleka chombo mwambani. Mwaka 1821 Babbage na rafiki yake John Herschel walikuwa wakihakiki majedwali ya falaki. Akichoshwa na wingi wa makosa, Babbage aliwaza kwamba kazi ile yafaa ifanywe na mashine.

Mwaka uliofuata alikuwa na mfano mdogo uliofanya kazi, na mwaka 1823 serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha. Aliiita Mashine ya Tofauti. Chukua namba 1, 4, 9 na 16: tofauti baina yake ni 3, 5 na 7, nazo huongezeka kwa 2 kila mara. Ajuaye hayo ataongeza 9 juu ya 16 na kupata 25, bila ya kuzidisha lolote. Magurudumu yenye meno yangeweza kujumlisha namna hiyo, safu juu ya safu, na mashine yenyewe ingechapa majibu.

Miaka kumi, kipande kimoja

Mashine hiyo ilihitaji vipande vipatavyo 25,000. Kazi ya kuvichonga ilikabidhiwa Joseph Clement, mmoja wa mafundi hodari wa London. Babbage alitaka usahihi ambao karakana za siku zile hazikuuzoea, hivyo ikabidi baadhi ya zana zibuniwe kwanza. Michoro nayo ilirekebishwa tena na tena. Mwaka 1827 alifiwa na baba yake na mkewe Georgiana, akaenda kusafiri Ulaya kwa muda ili kutuliza huzuni.

Mwaka 1832 Clement aliunganisha sehemu moja, kama sehemu ya saba ya mtambo wa kukokotoa, yenye vipande elfu mbili hivi. Ilifanya kazi vizuri. Babbage aliiweka nyumbani kwake na kuwaonyesha wageni. Lakini mwaka 1833 yeye na fundi wake walitofautiana kuhusu fedha na kuhamishwa kwa karakana, na kazi ikasimama. Serikali ilikuwa imekwisha kutumia pauni zipatazo 17,000.

Wazo bora zaidi

Ugomvi huo ulichangia kuuangusha mradi, na uhaba wa fedha pia. Pigo jingine, hata hivyo, lilitoka kichwani mwa Babbage mwenyewe. Mwaka 1834 alipata wazo la Mashine ya Uchanganuzi. Hii ingepokea maagizo kwa kadi zenye matundu, kama zilivyotumika katika mitambo ya kufuma hariri, ingehifadhi namba, na ingeamua hatua ya kufuata kulingana na matokeo ya hatua iliyotangulia. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo marefu juu ya mashine hiyo, maelezo yanayosomwa hadi leo.

Wazo lilikuwa kubwa mno. Babbage akaiarifu serikali kwamba amegundua njia iliyo bora kuliko ile ya kwanza, ilhali serikali ilikuwa bado inangojea hiyo ya kwanza. Mwaka 1842, chini ya Waziri Mkuu Robert Peel, serikali ilijitoa rasmi.

Miaka michache baadaye alichora Mashine ya Tofauti ya pili, iliyohitaji vipande 8,000 tu. Mwaka 1852 serikali ilikataa kuigharimia. Babbage akairudia Mashine ya Uchanganuzi, akiichora na kuichora upya hadi uzeeni.

Hata mchezo ulimponyoka. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1864, anasimulia jinsi alivyowaza mashine ya kucheza ule mchezo wa watoto wa kujaza miraba tisa kwa misalaba na duara. Alikusudia kuionyesha kwa kiingilio, apate fedha za kujengea mashine kubwa. Alipopiga hesabu ya muda utakaohitajika na faida itakayopatikana, aliliacha wazo hilo nalo.

Walioridhika na kidogo

Wakati huo huo, mpiga chapa wa Stockholm aitwaye Georg Scheutz alisoma makala juu ya Mashine ya Tofauti. Pamoja na mwanawe Edvard, alianza kuunda yake. Mwaka 1843 walikuwa na mfano uliofanya kazi, na mwaka 1853 mashine kamili ikawa tayari. Ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoiota Babbage, na ilikuwa na kasoro zake. Lakini ilikuwapo. Ilitunukiwa medali ya dhahabu katika maonyesho ya Paris mwaka 1855, kisha ikauzwa kwa kituo cha falaki cha Albany, Marekani. Nyingine iliundwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza, ikasaidia kukokotoa majedwali ya umri wa kuishi. Babbage hakuwaonea wivu. Aliwasifu na kuwaunga mkono hadharani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Akina Scheutz walilima kwa jembe walilokuwa nalo.

Hata hivyo si haki kudai kwamba Babbage hakujua kumaliza kazi. Mwaka 1827 alichapisha majedwali ya logi ya namba 1 hadi 108,000, yaliyosifiwa kwa usahihi na kutumika kwa miaka mingi. Katika kazi hiyo alipanga hatua za uhakiki, na hatua zilipokwisha, kitabu kikaenda mitamboni. Hamu yake ya ukamilifu ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba safari hii ilikuwa na mpaka. Katika mashine zake hakuweka mpaka wowote, na kila ubora mpya uliugeuza ule wa jana kuwa takataka.

Hapo ndipo penye funzo kwa mbunifu wa leo. Wazo jipya linalozuka katikati ya kazi si lazima liwe amri ya kubomoa. Laweza kuandikwa na kuwekewa zamu yake, kwa ajili ya mchezo wa pili, huku ule wa kwanza ukimalizwa na kasoro zake na kupelekwa kwa wachezaji. Bandu bandu huisha gogo, lakini ni gogo lile lile, wala si kila siku gogo jipya.

Babbage alifariki dunia London tarehe 18 Oktoba 1871. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Jumba la Makumbusho ya Sayansi la jiji hilo liliamua kujaribu michoro yake ya Mashine ya Tofauti ya pili, kwa kuzingatia kiwango cha usahihi kilichowezekana katika zama zake. Sehemu ya kukokotoa ilikamilika mwaka 1991, wiki chache kabla ya kutimia miaka 200 tangu azaliwe, nayo ilikokotoa bila kosa. Mtambo wa kuchapa ulikamilika mwaka 2002. Michoro ilikuwa sahihi karibu yote; iliyokuwa imekosekana ni mikono ya kuifikisha mwisho.